Kwa Nini Katoo Alihama Darasa

Nyawira alikuwa akimwandikia mteja risiti ya chumvi ya ng'ombe wakati picha ilipoingia kwa simu yake. Akaifungua, akaiangalia, halafu akamwandikia yule mzee risiti ya dawa ya kuku.

"Mama, mimi sina kuku," mzee akasema, akiigeuzageuza ile karatasi.

"Pole, mzee wangu. Leta hapa."

Picha ilikuwa ya ubao wa matangazo wa chuo, ile orodha ya wanafunzi wa masters waliosajili masomo ya muhula ujao. Aliyeipiga ni Shiro, binamu yake, ambaye Mungu alimnyima breki za mdomo. Chini yake alikuwa ameandika: *Tafuta jina la mtu wako. Lakini kaa chini kwanza.*

Nyawira hakukaa. Alitafuta jina akiwa wima, katikati ya magunia ya malisho, ndani ya duka la baba yake pale Kitengela. Akalitafuta kwenye orodha ya Marketing, ya Jumamosi asubuhi, hapo hapo Kitengela. Hakuna. Majina tisa, na chini kabisa namba ya mwanafunzi mpya ambaye jina lake lilikuwa halijaandikwa. Katoo hayuko.

Akashukia orodha ya pili. *Family Business and Succession. Jumamosi. Kajiado.* Timothy Katoo. Na chini yake, kama mtu aliyeketi kwenye mapaja yake: Caroline Naeku.

Simu ikalia kabla hajapumua.

"Umeona?" Shiro alikuwa anakula kitu. "Si nilikuambia? Mwanaume mwenye meno mazuri hivyo huwa si wa mtu mmoja."

"Labda ni makosa ya ofisi."

"Makosa gani? Nimemuuliza Virginia wa ofisini. Amesema Katoo alikuja Jumatatu mbio mbio, jasho inatoka, akasema atolewe Marketing saa hiyo hiyo. Saa hiyo hiyo, Nyawira! Na wale wamehama lazima waende Kajiado leo wasaini, kabla ya saa kumi na moja. Kumi na moja portal inafungwa mpaka mwaka ujao. Na wewe umesajili?"

"Bado."

"Bado? Ulikuwa unangoja nini?"

Nyawira akakata simu. Kulikuwa na jibu, lakini halikuwa zuri.

Jumamosi iliyopita tu, Katoo alikuwa ameketi mbele yake kwa kibanda cha chai nyuma ya chuo, timetable imetandazwa kati ya vikombe, kidole chake kirefu kimekanyaga neno Marketing. Muhula ujao ndio wa kwanza wa kujichagulia. Mihula miwili walikuwa wameketi bega kwa bega kwa sababu ratiba iliwalazimisha. Sasa hakuna wa kuwalazimisha. "Tuchukue hii," alikuwa amesema. "Mimi nikikaa mbali na wewe sisomi, Nashipai." Nashipai lilikuwa jina la Kimaasai alilompa yeye mwenyewe, la mtu mwenye furaha. Kila akilitamka, Nyawira alikuwa anasahau alichotaka kubishana.

Siku mbili tu baada ya chai hiyo, amehama.

Na amehamia wapi? Biashara za familia na urithi! Sauti ya baba yake, Mzee Gichuru, ikamrudia kama redio ya jirani. Baba hakuwa amempenda Katoo tangu siku ile alipokuja dukani na shuka begani, akauliza maswali mengi kuhusu bei ya malisho. "Huyo kijana wa Bisil hasomi biashara," baba alikuwa amesema. "Anasoma duka langu."

Nyawira akampigia Katoo.

"Nashipai! Nilikuwa nakuwazia."

"Uko wapi?"

"Bisil. Nimekuja kuangalia mifugo kidogo."

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikaita, tamu, ya mtu aliyezoea kuita: "Katoo, kuja uone huyu! Huyu ndiye mrembo!"

Nyawira akafunga macho. "Nani huyo?"

"Nani? Aah, hapa kuna watu wengi."

"Unit umesajili?"

Akasikia Katoo akisogea mbali na watu.

"Nimesajili."

"Ile yetu?"

"Nashipai, hapa network inapotea. Nitakupigia jioni, nikueleze vizuri."

Ikakatika. Nyawira akaiangalia simu kana kwamba ndiyo iliyodanganya. Mnyama gani anaitwa mrembo?

Alipogeuka, mama yake alikuwa ameingia dukani. Mwalimu Mugure, mwalimu mkuu mstaafu, miwani kwenye ncha ya pua, na mkononi daftari jipya lenye jalada gumu. Siku hizi mama alikuwa na mambo yake. Wiki hiyo alikuwa amenunua begi, kalamu nne, na kuuliza mara mbili kama viti vya chuo vina sehemu ya kuegemea mgongo.

"Unaenda wapi na hiyo funguo ya pickup?"

"Kajiado. Napeleka ile chumvi ya kesho."

"Chumvi ya kesho inapelekwa leo?" Mama akamtazama juu ya miwani. Macho hayo yalikuwa yameshika watoto wengi wakiiba chaki. "Na ile unit yako ya Marketing, umesajili?"

"Nitasajili."

"Sajili mapema. Viti vya mbele huwa vinaisha."

Nyawira hakuwa na nafasi ya kujiuliza mama anajuaje habari za viti. Alikuwa ameshawasha gari.

* * *

Barabara ya Namanga ilikuwa nyeupe kwa jua. Njia nzima, kupita Isinya hadi Kajiado, Nyawira alifanya mazoezi ya kugombana. Alitunga sentensi kali, akazifuta, akatunga zingine. Atamwambia hivi: *Mimi si duka.* Hapana. Atamwambia: *Ungeniambia tu kuna Caroline.* Hapana, hiyo inaonyesha anajali. Kufika Kajiado, sentensi zote zilikuwa zimeisha.

Saa kumi na dakika tano. Mbele ya lango la tawi la chuo kulikuwa na kondoo mwekundu amefungwa kamba kwenye nguzo ya ua, anatafuna nyasi bila haraka. Nyawira akampita bila kumwangalia mara mbili. Kajiado ni Kajiado.

Akawaona kwenye benchi, chini ya kivuli cha mabati. Wanacheka. Katoo na mwanamke wa blauzi nyeupe, mrefu kama yeye, mrembo kama tangazo la mafuta ya mwili, nywele zake zimekatwa fupi na kupakwa rangi ya kahawia nyekundu.

Katoo akainua kichwa. Kicheko kikamwanguka.

"Nashipai?"

"Usiniite hivyo. Bisil imehamia hapa lini?"

"Nilikuwa Bisil. Nimetoka huko saa hii."

"Na huyu?"

Mwanamke akasimama, akanyoosha mkono kwa tabasamu, akamsalimia kwa Kimaasai. "Supa, mrembo. Mimi ni Caroline. Wewe ndiye Nyawira. Nimekusikia mpaka nimechoka."

Sauti ndiyo ile ile. *Kuja uone huyu.* Nyawira akaupokea mkono kwa vidole viwili, maana alikuwa ameona kitu. Kwenye bega la shati la Katoo, na kifuani, kulikuwa na nywele. Fupi. Nyekundunyekundu. Akaangalia kichwa cha Caroline. Akaangalia shati tena. Akajua sasa kwamba alikuwa anampenda huyu mtu zaidi ya alivyokuwa amejikubalia, na kwamba amechelewa kulijua.

"Katoo, nieleze," akasema polepole. "Jumamosi tumekaa, tumechagua. Wewe mwenyewe ndiye ulisema tuchukue Marketing. Jumatatu unakimbia mpaka Virginia anaona jasho yako. Kwa nini?"

Katoo akaangalia viatu vyake. "Siwezi kukuambia."

"Huwezi?"

"Si kwamba sitaki. Siwezi. Si siri yangu."

"Ni ya nani? Ya huyu?"

"Mimi nitolewe hapo," Caroline akasema.

"Unajua baba yangu anasemaje? Anasema wewe unasoma duka lake. Mimi nimekutetea. Nimekaa mezani na baba yangu, nimeacha chakula kikapoa, nikikutetea! Halafu leo nasoma ubao naona umechagua urithi wa biashara za familia. Familia ya nani, Katoo? Urithi wa nani?"

"Hata jina la hiyo unit sikulisoma!"

"Ati?"

"Naapa. Nilimuuliza Virginia ni unit gani iko mbali na Kitengela. Akaniambia hii. Nikasema andika."

"Mbali na Kitengela. Yaani mbali na mimi."

"Mbali na..." Akasimama ghafla, akazunguka benchi, akarudi. Macho yake yakamshika Nyawira, yakaomba, yakakataa kusema. "Na wewe? Wewe umesajili?"

Swali hilo halikuwa kwenye mazoezi.

"Umesajili, Nyawira? Mimi niliingia kwa portal Jumapili, nisihangaike na foleni. Nilikuwa wa kwanza kwa hiyo Marketing. Nikatafuta jina lako. Jumapili, hakuna. Jumatatu, hakuna. Leo?"

"Bado," akasema kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa unangoja nini?"

Shiro alikuwa ameuliza hivyo hivyo. Sasa jibu lisilo zuri likatoka. "Nilikuwa nangoja nione kama kweli utaandika jina lako."

Katoo hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitingisha kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake amekufa na yeye alikuwa ameshahisi. "Kwa hivyo hata kabla sijakosa, ulikuwa umenishuku."

"Na si umekosa?"

"Basi." Caroline akapiga makofi mara moja, kama mwalimu wa nursery. "Mimi nimechoka. Jua ni kali na nyinyi ni wajinga. Nyawira, dada, huyu mtu hakukukimbia wewe. Alikimbia mama yako."

"Caro!" Katoo akafoka.

"Nini? Mimi sijaapa kwa mtu. Mama yako amesajili hiyo Marketing. Mama yako mzazi. Jumatatu huyu alienda ofisini kuuliza timetable, akamkuta mama amekaa kwa Virginia anajaza fomu ya kujiunga. Virginia anamwambia, mwalimu, utakuwa darasa moja na binti yako. Mama anasema shhh, asijue. Huyu simba wetu hapa aliruka nyuma ya mlango, akakaa huko nusu saa na mafagio."

Nyawira akamwangalia Katoo. Katoo alikuwa anaangalia mlima wa mbali ambao haupo.

"Mama yangu? Masters?"

"Ako na degree, si ako nayo?"

Anayo. Aliisomea likizo za shule, miaka mitano, Nyawira akiwa mdogo. Daftari jipya. Kalamu nne. Viti vya mbele. Ile namba isiyo na jina. Kila kitu kikaanza kukaa mahali pake, na bado akashuku. Ilikuwa nzuri mno kuwa kweli. Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje.

Hapo ndipo alipoona kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukiigiza.

Mama aliposema tu "Haloo?", Katoo alivua kofia. Akainamisha kichwa, akarudi nyuma hatua, akarudi tena, akaenda mpaka nyuma ya pickup ya chumvi, akajificha huko. Mwanaume aliyewahi kushika ndume kwa pembe mbele ya watu, anakimbia sauti ya mwalimu mstaafu.

"Mami, umesajili Marketing?"

Mama akakohoa kile kikohozi cha mkutano wa wazazi. "Nani amekuambia?"

"Kwa hivyo ni kweli."

"Ni baba yako. Alisema mtu wetu aende akae hapo ndani amwangalie huyo kijana kwa karibu. Tuone kama anasoma vitabu ama anakusoma wewe. Ngigi ndugu yako hana degree, angefukuzwa mlangoni. Nikasema nitaenda mimi. Na hata hivyo, nimechoka kukaa nyumbani nikihesabu kuku."

"Mami!"

"Na nikuulize. Virginia ananiambia kijana amehama. Mbona amehama alipojua nakuja? Anaficha nini? Mtu mwenye roho safi hahami darasa."

Nyawira akamtazama Caroline. Caroline akainama karibu na simu, sauti yake sasa ya heshima tupu. "Shikamoo mama. Mimi ni Caroline Naeku, wa ukoo mmoja na Katoo, dada yake kwa hivyo. Mama, kwetu kijana hawezi kukaa chumba kimoja na mama wa msichana anayetaka kuoa. Hawezi kula mbele yake. Hawezi kupiga kelele ya group work. Ni aibu kubwa. Mpaka ampe mama kondoo. Akishampa, wanaitana Paker, yaani mtu wa kondoo, wote wawili, sasa wanaweza kusalimiana kama watu. Hajaficha kitu, mama. Amekuheshimu tu."

Kwenye simu kukasikika kiti kikivutwa, mama akikaa chini.

"Kwa hivyo," mama akasema hatimaye, "huyo kijana ameniweka mama mkwe kabla hajaleta hata kiberiti?"

"Inaonekana hivyo," Nyawira akasema, na uso ukawaka.

"Na kwa nini hakukuambia wewe?"

Nyuma ya pickup, bila kuonekana, sauti ya Katoo ikatoka chini chini, kama ya mtu anayeongea na tairi. "Mwambie mtu hamchongei mama mkwe kwa binti yake."

Mama alikuwa amesikia. "Hmm," akasema. Akakata.

Saa kumi na moja kasoro kumi na nane.

Nyawira akazunguka pickup. Katoo alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, kofia mkononi. Akachuchumaa mbele yake, magoti yao yakakaribiana.

"Nani alikuambia ni mama mkwe wako?"

"Nilijiambia."

"Lini?"

"Siku nyingi. Ile siku ya kwanza ya Accounts, ulipochukua calculator yangu bila kuniuliza." Akainua macho. Hayakuwa yanakimbia tena. "Nilitaka kwanza nifanye mambo kwa utaratibu, halafu nikuambie. Sikujua mama yako atanitangulia chuoni."

"Ungeniambia tu umehama."

"Ungeuliza kwa nini. Mimi nikianza kukudanganya jambo moja, nitaishia wapi?"

Alikuwa na haki, na hilo lilimuudhi kidogo. Alitaka kuomba msamaha, lakini neno lilikuwa kubwa kuliko mdomo. Badala yake akatoa simu, akafungua portal. Gurudumu dogo likazunguka, likazunguka. Machaguo mawili yakaja. Marketing, Kitengela: mama yake, kiti cha mbele, daftari jipya. Family Business and Succession, Kajiado: huyu hapa.

"Katoo, nisikilize. Mimi nilingoja wewe uandike kwanza ndio niandike. Hiyo sitarudia." Akagusa Kajiado. Akathibitisha. Akamwonyesha jina lake, la mwisho kwenye orodha, chini ya Caroline. "Imeandikwa. Sasa wewe ukihama tena, utahama ukiniacha."

Katoo alichukua mkono uliokuwa na simu, akaushika kwa mikono yake miwili, akashindwa kuucheka huo ujinga wote, akashindwa pia kuulilia.

Simu ikalia ndani ya mikono hiyo. Ujumbe wa mama. Nyawira akausoma kwa sauti.

*Nimempigia Virginia, amesema nitasaini baadaye. Nimehamia Kajiado, hiyo hiyo unit yenu. Baba yako amekubali. Mwambie kijana Jumamosi ya kwanza nitakaa mstari wa mbele, karibu na yeye kabisa. Kama hataki hivyo, anajua cha kuleta.*

Katoo akaruka wima kama mtu aliyekalia siafu. "Caro! Caro, mfungue! Mpigie yeyo, mama yangu, mwambie avae vizuri, kesho asubuhi ndio anampeleka kondoo Kitengela!"

Caroline alikuwa ameshafika langoni, anafungua kamba kwenye nguzo, huku yule kondoo mwekundu akimsukuma kwa kichwa. "Tangu asubuhi tumemtafuta huyu Bisil, tukambeba mpaka hapa," akamwambia Nyawira akihema. "Tumekataa kumi na wawili. Ati kwa mwalimu lazima apelekwe mrembo. Angalia blauzi yangu!"

Blauzi nyeupe ilikuwa imejaa manyoya. Mafupi. Mekundu.

Nyawira akasimama mbele ya Katoo. Akanyoosha mkono, akamtoa unywele mmoja begani, akauinua kwenye jua la jioni, akaulinganisha taratibu na mgongo wa kondoo. Akaulinganisha pia na kichwa cha Caroline, kwa sababu bado alikuwa binti wa Mzee Gichuru.

"Ni wa kondoo," akasema. Akauweka ndani ya pochi yake na kufunga zipu.